Darasa la Kasuku

Mwalimu hakuogopa giza, hakuogopa wezi, hata mama mkwe hakumwogopa. Aliogopa kitu kimoja tu, nacho kilikuwa ndani ya kifua chake mwenyewe.

Hiyo ndiyo hasara ya kuwa na sikio la muziki. Mtu mwingine angeweza kuishi na moyo mbovu miaka na miaka asijue. Yeye, ambaye kazi yake ni kuusikia mdundo na kuupeleka miguuni, aliusikia moyo wake ukikosea tangu siku ya kwanza. Ulipiga, ukapiga, ukanyamaza kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, kisha ukakimbia kufidia. Alikwenda kwa daktari akitumaini kuambiwa apunguze kahawa. Daktari akamsikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko alivyopenda, akamkataza mazoezi mazito mpaka apimwe kwa mashine kubwa, akamwandikia vidonge. Vidonge alivinunua, tena siku hiyo hiyo, kisha akavificha ndani ya viatu vyake vya harusi. Hakumeza hata kimoja. Kumeza ni kukiri, na yeye hakuwa tayari kukiri.

Tusimlaumu upesi. Studio yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, chumba kimoja kirefu chenye kioo ukuta mzima, spika mbili pembeni na feni iliyolalamika kuliko ilivyopuliza. Mlangoni aliibandika picha yake akiwa hewani, miguu yote miwili imeacha sakafu, meno nje. Wanawake walipanda ngazi zile kwa ajili ya picha ile. Wengi walikuwa wamemzidi umri, wengine tayari wana wajukuu, na kila mmoja alikuja na mzigo wake: magoti, mgongo, sukari, presha, mume asiyeongea. Walimtazama Mwalimu akiruka, wakaamini kwamba nao wataruka. Sasa nani anunue kitana kwa mwenye upara? Wakijua kwamba anayewarusha anaogopa kupanda ngazi zake mwenyewe, watabaki makwao, na yeye atabaki na kioo.

Nyumbani mambo hayakuwa rahisi zaidi. Mumewe alikuwa fundi wa lifti, mtu anayekula kwa kusikiliza mashine na kujua kinachogonga kabla hajafungua kifuniko. Mwalimu alianza kulala akimpa mgongo ili kifua chake kiwe mbali na sikio lile. Mume akauliza mbona siku hizi anahema akipanga tu vyombo. Akajibiwa ni uchovu. Akauliza tena, uchovu gani huu usioisha kwa kulala, na mkewe akamwuliza kama bili ya maji imeshakuja.

Kichekesho, kama kuna anayeweza kucheka, ni kwamba huyo huyo Mwalimu ndiye aliyewahimiza wanafunzi wake wakapime afya. Mficha maradhi, kifo humuumbua, alikuwa akiwaambia mwisho wa kipindi huku akijifuta jasho. Kisha kipindi kilichofuata anaongeza sauti ya muziki. Aliiongeza kila wiki. Wanafunzi walidhani anawapandisha daraja, kumbe alikuwa anaufunika moyo wake asiusikie.

Na sasa tuseme juu ya kasuku, maana bila kasuku hamtaelewa kilichotokea.

Zamani, studio ilipokuwa mpya, wanawake waliona haya. Walicheza wamebana midomo kama watu walio msibani. Mwalimu akatunga desturi: humu ndani sisi sote ni kasuku. Nikifanya, fanyeni. Nikisema, semeni, tena kwa nguvu kuliko mimi. Msiulize, kasuku haulizi. Akavaa maiki ya kichwani, ile yenye kijiti kinachokaa karibu na mdomo, na kuanzia hapo chumba kilipata uhai. Akisema twende, wanaitikia twende. Wimbo ukiwa mgumu analia kwa utani, "Nakufa mie," nao wanapokea kwa kelele, "Nakufa mie," mpaka muuza rangi wa chini anagonga dari kwa fagio. Anayeongoza kasuku wote alikuwa mama mmoja mnene aliyewahi kuwa mpishi wa shule, mwenye sauti iliyozoea kushindana na watoto wenye njaa. Walimwita Kamanda. Alisimama mstari wa mbele na hakuwahi kukosa kipindi.

Siku yenyewe ilikuwa jioni ya kawaida. Wimbo wa tatu ulikuwa wa kasi. Mwalimu aliwapa mgongo kama kawaida yake, macho kwenye kioo, akiwaona wote nyuma yake wakienda kulia na kushoto. Ghafla moyo ukanyamaza. Alisubiri uanze tena. Ulipoanza haukupiga, ulitetemeka, na kifua kikambana kana kwamba mtu amekikalia.

Akasimama. Akaweka mkono kifuani.

Kwenye kioo, darasa zima likasimama na kuweka mikono vifuani.

Mwanzoni hakuelewa alichokuwa anakiona. Akainua mkono mwingine juu, kuwaomba wasubiri. Mikono yote ikapanda, mizuri, imenyooka, kama alivyowafundisha. Wengine walikuwa wanatabasamu, wamefurahi kupewa staili mpya. Miguu yake ikaisha nguvu, akapiga goti. Nao wakapiga magoti, wakigumia na kuchekana, kwa sababu kupiga goti kwa umri wao si jambo dogo.

"Jamani, naumwa," alisema kwenye maiki.

"Jamani, naumwa," wakapokea.

"Nisaidieni."

"Nisaidieni," likarudi jibu, na sauti ya Kamanda ilikuwa juu ya zote.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia sawasawa. Miezi yote ile alikuwa ameogopa kufa, lakini alikuwa ameogopa kwa namna ya mtu anayeogopa mvua akiwa ndani. Sasa alikuwa nje. Alitaka kugeuka awatazame usoni, mwili ukakataa. Alitaka kutambaa mpaka kwenye redio aizime, mkono ukaishia njiani. Akajilaza chali kwa sababu hakuwa na namna nyingine, na alipokuwa akijilaza akakumbuka, akatamani asingekumbuka, kwamba hivyo ndivyo kila kipindi kinavyomalizika. Mwalimu hulala chini, wote hulala chini, hufumba macho, na aliye karibu na swichi huzima taa ili miili ipoe.

Wakalala. Taa ikazimwa.

Ni vigumu kueleza upweke wa namna ile. Chumba kilikuwa kimejaa watu wanaompenda, wapo hatua chache kutoka kwake, na kila mmoja amefumba macho kwa utiifu. Muziki uliendelea kupiga kwa sauti aliyoichagua mwenyewe. Aliona feni ikizunguka juu yake katika mwanga hafifu wa dirisha, akaiona inarudi nyuma na kusogea, kana kwamba dari linapanda. Alimfikiria mumewe, yuko ndani ya shimo la lifti fulani mjini, sikio limebanwa kwenye chuma, anasikiliza mashine isiyo yake. Alitaka kumwita, akaona hatasikia. Alikuwa anaogopa sana, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba anaogopa, kwa kuwa wangemrudishia maneno hayo hayo kwa furaha.

Hakupanga neno lililomtoka. Halikutoka kwa sauti ya kufundishia. Lilitoka dogo, lenye pumzi kidogo, na maiki ikalichukua ikalipeleka kwenye spika zote mbili.

"Mama."

Hakuna aliyerudia.

"Abee," alisema Kamanda gizani.

"Abee, mwanangu," akasema mwingine kutoka nyuma, na mwingine upande wa dirishani, na mwingine. Hawakujua ni nani anayeita. Waliitika kwanza, ndipo wakafungua macho. Wanawake hawa walikuwa wameitwa kwa neno lile wakiwa jikoni, wakiwa msalani, wakiwa na homa, wakiwa usingizini, na hakuna kati yao ambaye angeweza kulisikia akaendelea kulala.

Taa ikawashwa. Kamanda alifika akitambaa kwa magoti yale yale aliyokuwa akiyalalamikia, akamwinua kichwa, akamwona midomo ilivyobadilika rangi. Alizima muziki kwa kuing'oa waya ukutani. Katika ukimya ule Mwalimu aliusikia moyo wake, peke yake, bila kitu cha kuufunika, ukijikwaa na kuinuka na kujikwaa. Alilia. Kamanda akamwambia alie tu, ila asifumbe macho.

Walimshusha ngazi kwa shuka la kulalia mwisho wa kipindi, wengine mbele, wengine nyuma, wakigombana nani ameshika vibaya. Muuza rangi alipotoka na fagio lake kuuliza kelele ni za nini, alinyang'anywa ufunguo wa gari la mizigo kabla hajamaliza swali. Walifika hospitali wamejazana nyuma katikati ya makopo ya rangi, nguo zimewaganda mwilini, na mmoja hana kiatu. Nesi wa mapokezi alitazama kundi lile akauliza mama wa mgonjwa ni nani. Wakajibu wote kwa pamoja, "Ni mimi." Nesi, ambaye alikuwa na siku ndefu, akasema aingie mmoja, hayo mengine watayapatanisha huko nje. Akaingia Kamanda.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mpole asiyependa maneno mengi. Alimbandika Mwalimu nyaya kifuani, akamtia dawa mshipani, akaitazama mashine kwa muda. Ulipita kitambo mapigo yakaanza kupangika, ingawa si sana. Ndipo akauliza hali hii ilianza lini.

Mwalimu alimtazama Kamanda aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, akimwangalia kwa imani ile ile ya mstari wa mbele. Kusema leo tu kungekuwa rahisi. Hata sasa, nyaya zikiwa kifuani, ulimi wake ulikuwa unaelekea huko.

"Ni muda mrefu," alisema. "Niliambiwa niache mazoezi, nikapewa vidonge. Nikavificha. Niliogopa."

Daktari aliandika. Mwalimu akasubiri karipio la Kamanda, kwa maana alilistahili. Lakini Kamanda hakukaripia. Uso wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo Mwalimu hakuwahi kuiona, na alipofungua mdomo sauti yake ya mpishi haikuwepo.

"Mimi vya kwangu vya presha nimeviacha," alisema. "Nilikuwa nakuangalia tu. Nikasema, huyu anaruka hivi, hamezi chochote, na mimi nimeze cha nini? Tena si mimi peke yangu. Tupo wengi."

Mwalimu alisikia hofu ikimpanda kutoka miguuni, hofu mbaya kuliko ile ya sakafuni, kwa sababu safari hii haikuwa kwa ajili yake. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Aliwaona kule kwenye benchi la korido, wakiwa wamebanana, wakipeana shuka moja, mmoja amejishika kifua, mwingine anahema bado kutokana na zile ngazi, na hakuweza tena kujua nani amechoka tu na nani anaumwa.

Akanyoosha mkono wenye sindano, akamshika Kamanda kifundo cha mkono, akakishika kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Daktari," alisema, "nakuomba umpime na huyu. Halafu waite na wale wa nje, mmoja mmoja."