Wanawake Wanne wa Chumba cha Nyuma

Bwana Matheka, anayetufundisha maadili ya biashara chuoni, alikataa mifano ya vitabuni. Alisema kila kundi lilete kisa cha kweli kutoka mahali linapoishi, kisa cha mtu wa kawaida aliyebanwa kati ya kazi yake na dhamiri yake. Kundi letu lilikuwa na watu watano, na kiongozi alikuwa Gordon wa Kayole, kijana wa maneno mengi. Mimi sikuwa nimechangia lolote tangu muhula uanze.

"Lydiah, si hata utoe kitu moja," Gordon aliniambia mbele ya wenzetu. "Ama jina lako tuliweke kwa orodha ya marehemu?"

Walicheka. Nami kwa aibu nikatoa kisa cha dada yangu.

Dada yangu Kageha hufanya kibarua katika kiwanda cha unga wa uji kule Baba Dogo. Ndiye anayenilipia karo, na chumba tunachoishi mtaa wa Lucky Summer ni chake. Kila asubuhi wanawake hukusanyika getini, msimamizi anayeitwa Wachira huchukua vitambulisho vyao, kisha husoma majina ya watakaoingia. Asiyesomwa hurudishiwa kitambulisho na kwenda nyumbani. Pale hakuna anayefukuzwa. Jina lako huacha tu kusomwa.

Mwezi wa pili walimhamishia chumba cha nyuma. Humo ndimo pakiti zilizorudishwa na maduka, muda wake ukiwa umeisha, hufutwa tarehe kwa pamba na dawa ya kutoa rangi ya kucha, kisha hupigwa tarehe mpya. Aliniambia jioni moja akinawa mikono, ngozi ya vidole imekauka na kupasuka. Alisema anajua uji huo ni wa watoto wachanga. Akanisihi nisimwambie mtu.

Tulibadilisha mambo. Kiwanda tulikipeleka Thika, unga ukawa maziwa ya unga, dada yangu akawa Bi. Rehema. Siku ya kuwasilisha Gordon alivaa tai ya babake na akaeleza vizuri mno, mpaka wa viti vya nyuma wakaacha simu zao. Bwana Matheka akauliza Bi. Rehema afanye nini. Karibu wote waliinua mkono kwamba aripoti. Mimi pia niliinua. Tulipata alama ishirini na saba kwa thelathini, na Gordon kwa furaha akaweka mtandaoni video ya uwasilishaji wetu.

Jambo moja hatukulibadilisha, kwa sababu halikunijia akilini. Gordon alikuwa amesema, kama nilivyomwambia, kwamba chumba kile kilikuwa na wanawake wanne, pamba, na dawa ya kucha.

Alhamisi Wachira alisoma majina hadi mwisho na hakuna hata mmoja wa wale wanne aliyesikia lake. Ijumaa vilevile. Alipomrudishia Kageha kitambulisho, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba mmoja wao ametoa maneno ya kiwanda nje, sasa yako kwa mtandao, na wote wanne watakaa nyumbani mpaka huyo ajulikane. Simu ya Kageha ni ya kubonyeza. Video hakuwa ameiona.

Jumamosi aliniwekea karatasi ya foolskapu mezani.

"Wewe ndiye umesoma. Niandikie Wachira barua. Mwambie ni Mirriam."

Mirriam wa mtaa wa Huruma ni rafiki yake, mama wa watoto watatu, mtu wa kicheko na wa mdomo. Saa ya chakula walikuwa wakigawana chapati moja. Nilimuuliza kama ana uhakika. Akasema wale wengine wawili hata salamu ni kuwabembeleza, kwa hivyo ni nani mwingine.

Niliiweka kalamu chini. Kisha nikamweleza kila kitu, macho yangu yakiwa kwenye karatasi, tangu kicheko cha darasani mpaka zile alama.

Nilitarajia anipige. Alikaa kitandani. Akauliza kama jina lake lilitajwa, nikasema hapana. Akauliza nimebakisha muda gani chuoni, nikasema miezi minane.

"Andika Mirriam," akasema.

"Dada, Mirriam ana watoto."

"Na mimi nina wewe. Nikisema ni mdogo wangu, ni sawa na kusema ni mimi. Andika, Lydiah."

Niliandika. Mwandiko wangu ni mzuri, na aya nilizipanga kama tulivyofundishwa.

Jumatatu jina la Kageha lilisomwa. Jumatano yakasomwa ya wale wawili. Juma lililofuata, mchana, dada akiwa kazini, Mirriam alibisha mlango wetu. Alikuwa ametembea kutoka Huruma, na mkononi alikuwa na foolskapu aliyoifunga kwa karatasi ya nailoni isichafuke.

"Nimesikia Kageha alirudi kwa barua," alisema, "na ninajua mkono ni wako. Niandikie pia, mama. Mimi nikiandika Wachira atadhani kuku amepita kwa karatasi."

Alicheka, nikamwekea kiti. Alitaka niseme kwamba hajawahi kumwambia mtu habari za kiwanda, hata mumewe. Nikaandika. Kwamba mtoto wake wa mwisho ana kifua na dawa zimeisha. Nikaandika. Alikuwa akifuata kalamu kwa macho, midomo ikitembea. Tulipokaribia mwisho wa ukurasa nilisimamisha kalamu, kwa sababu palibaki nafasi ya mstari mmoja, na nilijua jina la kuweka pale.

Aliniwahi.

"Malizia na kwamba aliyesema simjui."

Nikaandika hivyo, nikamwonyesha mahali pa kutia sahihi.