Makubadhi ya Khalaf

Mwaka 1997, kila Jumatano baada ya kazi, Nejat, katibu katika ubalozi wa Uturuki mjini Maskati, aliendesha gari mpaka Ibra, alikokodi chumba cha juu nyumbani kwa Bi Amna. Alikuwa mshairi. Kwao Ankara hakuweza kuandika hata ubeti mmoja. Mashairi yake yote aliyapata ugenini, vinywani mwa watu waliompokea. Kiswahili alikipata Nairobi, kituo chake cha kwanza.

Bi Amna alikuwa mzaliwa wa Unguja. Alimwekea kahawa na halua, akamhadithia siku waliyohama, mwaka wa sitini na nne. Bandarini kakake Khalaf alivua makubadhi yake, akamvisha yeye aliyekuwa miguu mitupu, kisha akarudi mjini kumchukua bibi yao. Meli iliondoka bila wao.

Nejat alipanda chumbani akaandika shairi.

Asubuhi Badria, bintiye Bi Amna, alimtaja mjomba Khalaf.

"Khalaf yupi?" mama yake aliuliza, huku akichambua tende.

Badria hakushtuka. Kumbukumbu ya harusi ya mama yake ilikwisha kupotea vivyo hivyo mwezi uliopita, Nejat alipoiandikia shairi. Alipanda ngazi.

"Umemwandika mjomba?"

"Nimemwandika."

"Mrudishie."

"Sijui namna ya kumrudishia," Nejat alisema. Akaichana karatasi mbele yake. Chini, Bi Amna aliendelea na tende zake, na Khalaf hakumjia akilini.

Wiki iliyofuata Nejat aliliandika tena shairi lile, neno kwa neno, kwa kuwa lilikuwa zuri. Kitabu chake cha mashairi kilitoka Istanbul. Wahakiki walisifu uchungu wake wa kuwa mbali na kwao.

Alikileta kitabu Ibra akamtafsiria Bi Amna shairi lile. Bi Amna alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Maskini! Na huyo dada, angali akimkumbuka nduguye?"

"Amemsahau."

"Mtu aliyevua viatu vyake akampa? Ana moyo gani huyo?"

"Kosa si lake, Bi Amna."

"La nani, basi?"

"La mtu aliyemsikiliza."

"Kusikiliza si kosa, mwanangu," alisema Bi Amna. Akamjazia kikombe, akaanza kumhadithia jinsi sauti ya mama yake ilivyokuwa ikiwaita ndani magharibi.

Nejat alijua kwamba ilimpasa amkatize. Hakumkatiza.