Kiti cha Abdub

Watu wa Isiolo wana dini zao na siasa zao, na kila uchaguzi hukosana upya, lakini kuhusu Landrova kuukuu wana imani moja: injini ikifa, tia ya Toyota. Imani hiyo imewafikisha wengi Merti na Garba Tula bila kulala njiani. Kiugu peke yake, kati ya mafundi wote wa mji, ndiye aliyeiasi. Kwake Landrova yenye injini ya Toyota ilikuwa mzee wa watu aliyevalishwa meno ya mtu mwingine, na alikuwa tayari kukuambia hivyo usoni hata kama gari ni lako.

Kwa hiyo siku aliponunua ile ya jeshi katika mnada wa magari chakavu, hakuna aliyejisumbua kumuuliza ataitengenezaje. Aliinunua pamoja na rafiki yake Abdub. Ilikuwa ya turubai, fupi, gurudumu la akiba limelazwa juu ya boneti, na ubavuni bado zilionekana namba za jeshi zilizofutwa kwa haraka. Haikuwaka. Waliivuta kwa kamba hadi karakana ya Kiugu huku vijana wa bodaboda wakiwacheka njia nzima.

Abdub alikuwa dereva wa lori la mifugo, Mborana wa Biliqo, mrefu mpaka unamhurumia akiingia kwenye gari ndogo. Kiugu alikuwa Mmeru mfupi mwenye hasira za karibu. Walijuana siku lori la Abdub lilipokufa katikati ya soko likiwa na mbuzi tele, na tangu hapo mmoja akienda kanisani na mwingine msikitini, wote walirudi kukutana karakanani kwenye chai. Watu walidhani wanaongea mambo makubwa. Walikuwa wakibishana kuhusu giaboksi.

Mpango wao ulikuwa mmoja. Wangeifufua ile gari iwe kama ilivyotoka kiwandani, kisha Abdub aiendeshe mpaka Biliqo kwa mama yake, Gumato. Maisha yake yote mama huyo alikuwa amemwona mwanawe akishuka kutoka gari la tajiri fulani. Abdub alitaka ashuke mara moja tu kutoka gari lake. Rangi ya kijani haikuwezekana, kwa sababu raia haruhusiwi kuendesha gari lenye rangi ya jeshi, na Kiugu alinuna wiki nzima kwa hilo. Abdub ndiye aliyechagua rangi ya mchanga, akisema angalau hawatahitaji kuiosha.

Halafu chakula kikaanza kumkwama Abdub kooni. Kwanza ugali, kisha wali, kisha hata ndizi iliyopondwa. Walipompima hospitalini wakamwambia ni saratani, nayo ilikuwa imekwenda mbali. Lori likapewa dereva mwingine. Mke wake, Sadiya, alikuwa akimfukizia nguo udi kila asubuhi, kisha anamwacha atoke nyumbani kwao mtaa wa Kiwanjani polepole kwa mguu hadi karakanani. Akifika alipanda kwenye ile Landrova isiyowaka na kuketi nyuma ya usukani. Kiugu alimwambia upande wa abiria una nafasi ya kunyoosha miguu. Abdub akajibu kwamba dereva hakai upande wa abiria.

Kiti chenyewe kilikuwa cha turubai la zamani, kimechanika mgongoni, kimeingia mafuta na jasho la askari wa miaka hiyo. Abdub aliegemea upande mmoja ili maumivu yapungue, na kiti kikazoea kulala upande huo. Alipoondoka jioni, harufu ya udi ilibaki humo. Kiugu alikuwa akiisikia akiwa chini ya gari, naye akajikuta anaipenda, ingawa hakuwahi kumwambia mtu.

Kilichokwamisha kazi ni silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Ilikuwa na ufa, na mpya yake haipatikani Isiolo wala Meru. Kiugu alimwagiza mtu wa Nairobi anayetafuta spea za magari ya zamani huko ng'ambo, na mtu huyo kila akipigiwa simu alisema iko njiani. Wakati huo Kimotho, muuza spea, alikuwa na injini nzima ya Toyota nyuma ya duka lake, imefunikwa gunia, nzima kabisa. Alikuja kuwaambia mwenyewe.

Abdub alisubiri Kimotho aondoke. Sauti yake siku hizo ilikuwa imekonda kama yeye.

"Kiugu, tia tu hiyo ya Toyota. Mama hatafungua boneti."

"Hiyo haitakuwa gari yetu tena," Kiugu akasema. "Hedi inakuja. Ngoja kidogo."

Abdub akacheka, akakohoa, akasema sawa, fundi ni wewe. Kisha akamwambia kitu alichokuwa akikitamani. Siku hizo hakumeza ila vitu vya maji, na maziwa ya dukani yalimchafua roho. Alitaka maziwa ya ngamia ya mama yake, kutoka kwenye kibuyu chake kinachonuka moshi. Hata kijiko kimoja, alisema. Kiugu akaahidi watayanywa pamoja, wakishuka tu garini kule Biliqo.

Baada ya Idi akaja Wato, binamu yake Abdub, na pikapu yake. Alikuwa anarudi Biliqo kesho yake asubuhi na alikuwa ametandika godoro nyuma, akafunga turubai juu kwa ajili ya jua. Mama Gumato ndiye aliyemtuma. Asubuhi hiyo Sadiya alifunga begi, na Wato akapitia karakanani ili Abdub amuage rafiki yake. Hapo ndipo Kiugu alipofanya kosa ambalo pengine hakuna fundi mwingine Isiolo angelifanya. Mtu wa Nairobi alikuwa amempigia jana yake na kuapa kwamba hedi iko kwenye lori. Kiugu akaona picha yote kichwani: gari la rangi ya mchanga likiingia Biliqo, injini yake yenyewe ikinguruma, Abdub kwenye usukani. Akaona na godoro lile kwenye pikapu, akalichukia.

"Usiende ukilala nyuma ya gari ya watu," akamwambia Abdub. "Ngoja twende na yetu."

Abdub aliiangalia pikapu, akaiangalia Landrova. Kisha akamwambia Wato atangulie, amwambie mama anakuja na gari lake. Wato aling'aka kwa Kiborana, maneno mengi, na Kiugu hakuhitaji kutafsiriwa. Pikapu ikaondoka na godoro lake tupu. Sadiya alilichukua begi, akarudi nalo nyumbani.

Hedi haikuwa kwenye lori. Ilifika baadaye, imefungwa vizuri kwenye boksi la mbao, wakati Abdub alikuwa amekwisha lala kaburini. Alifariki alfajiri na Waislamu hawachelewi. Kabla ya alasiri walikuwa wamemzika hapo mjini. Simu ya Biliqo haikushika mtandao mpaka jioni, na mama yake akapata habari mwanawe ameshazikwa. Kiugu alisimama nyuma ya waombolezaji akiwa amevaa kofia aliyoazimwa, akalia mbele ya watu wote, na hakuona haya.

Baada ya hapo alifanya kazi bila kupumzika. Hakujua kitu kingine cha kufanya na mikono yake. Alifunga hedi, akasafisha tangi, akapaka rangi ya mchanga tabaka juu ya tabaka. Akang'oa vitambaa vya viti vyote, vile vilivyochanika, akavichoma moto pamoja na matambara ya grisi, na akashonesha turubai jipya. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Injini iliwaka alipoijaribu mara ya kwanza tu, na Kiugu akakaa chini sakafuni.

Alikwenda Biliqo peke yake, kwa maana Sadiya alikuwa katika eda ya kufiwa na mume na hatoki. Alifika mchana, vumbi hadi kwenye nyusi. Mama Gumato alikuwa amesimama nje ya nyumba yake, mwembamba, mrefu kama mwanawe, ameshika kibuyu. Alikuwa ameisikia gari kutoka mbali.

"Salaam aleikum. Wewe ndio Kiugu."

Kiugu aliitikia, kisha maneno yakamtoka kabla hayajapangika. "Mama, ni mimi nilimwambia angoje. Wato alikuja kumchukua, mimi nikamwambia angoje gari ipone."

"Najua. Wato aliniambia." Aliizunguka gari, akainyunyizia maziwa kwenye kila gurudumu, kama wafanyavyo watu wake kwa kitu kipya kinapofika nyumbani. "Sasa gari imepona," akasema.

Kisha akauliza mtoto wake alikuwa anakaa wapi. Kiugu akamfungulia mlango wa dereva, akamwonyesha. Mama akakiweka kibuyu chini, akainama ndani, akalaza uso wake kwenye mgongo wa kiti. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka hakuwa amelia.

"Hii inanuka duka."

"Ile kitambaa ya zamani ilikuwa imechanika, mama. Nilitoa." Kiugu alitamani ardhi immeze. "Nilichoma."

Mama Gumato alijifunga shuka, akaokota kibuyu chake, akazunguka upande wa abiria na kupanda. Alisema apelekwe Isiolo akaone mahali walipomweka mtoto wake, na maziwa aliyapakata kwa mikono miwili yasimwagike.

Kiugu alibaki amesimama kwenye mlango wa dereva. Kiti kilikuwa kimenyooka, kipya, hakikuelemea upande wowote. Mguu wake ulikataa kupanda.

"Ingia," mama akasema, akitazama mbele. "Hakuna mwingine wa kuendesha."