Usimwite Jina Akiwa Majini

Maneno haya niliyasikia kwa Skolastika, ninayeuza naye mitumba Kaloleni, na tangu siku hiyo hayajanitoka. Alisema lile bwawa la kuogelea la Njiro linazijua sauti za akina mama. Mtoto akishindanishwa kupita nguvu zake, akichoka, anamsikia mama yake anamwita kutoka chini.

"Nani kamsikia?" nilimuuliza.

"Watu ndio wanasema. Wewe mbona umeacha kukunja nguo?"

Nilicheka. Lakini mwanangu Irine anaogelea hapo hapo kila Jumamosi na shule yao. Tena bibi yangu, kule Nkoaranga, hakuruhusu mtoto aitwe jina tukiwa mtoni. Ulipiga makofi mawili, mtoto akageuka. Alisema maji yakishalijua jina, nayo yataita. Hata Irine nimemlea hivyo. Makofi mawili, anakuja.

Irine ana miaka kumi na moja. Kwenda na kurudi mara moja anamaliza vizuri. Mara mbili, anatoka midomo inatetemeka. Kabla ya mashindano kocha wao, Allen, akaniambia kamwandikisha mbio za kwenda na kurudi mara nne, pamoja na mabinti wa sekondari.

"Kocha, huyu hajawahi kufika huko."

"Mama Irine, asipopambana na wakubwa atakua lini? Kuna njia moja bwawani imebaki. Tuiache tupu?"

"Iache."

"Mama jamani!" Irine akadakia. "Unataka niogelee na chekechea mpaka niolewe?"

Wakacheka wote wawili. Nikanyamaza. Mimi niliishia la saba, na kuogelea sijui.

Siku yenyewe Mlima Meru ulikuwa umejifunika wingu mpaka chini, na maji ya bwawa yalikuwa na rangi ya wingu hilo. Kipaza sauti kikataja majina. Kiliposema "Irine Mikaeli," maji ya njia yake yakatikisika, na hakuna mtoto aliyekuwa ameingia bado. Nikajiambia ni upepo. Nikatazama migomba iliyokuwa nyuma ya ukuta. Hakuna jani lililocheza.

Wenzake walimaliza, yeye akabaki peke yake majini. Watu wakainuka kumtia moyo. Ndivyo tulivyo, wa mwisho tunamshangilia kuliko wa kwanza. "Irine! Irine! Irine!"

Katikati ya bwawa akasimama. Hakulia, hakutapatapa. Aliinamisha sikio kwenye maji, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili. Akatabasamu. Kisha akaanza kushuka.

Nikapiga makofi mawili kwa nguvu zangu zote. Aliyekuwa pembeni yangu akadhani nashangilia, naye akapiga. Wakapiga wote, mpaka makofi yangu sikuyasikia tena mwenyewe. Kofia yake nyekundu ikapotea. Watu wanapiga makofi, maji yametulia.

Nikamkamata Allen shati. "Mwanangu hayupo!" Akajirusha na viatu vyake.

Allen alipomtoa, Irine alitapika maji, akafumbua macho, akalitazama gauni langu.

"Mama, umebadilisha nguo saa ngapi?"

"Sijabadilisha, mwanangu."

"Huko chini ulivaa kitenge cha kijani. Uliniita, nikaja."

Mimi sina kitenge cha kijani.

Sasa ni mzima, namshukuru Mungu. Allen alikuja nyumbani kuomba radhi. Wakati wa kuondoka, alipofika mlangoni akageuka, akasema kuna mashindano mengine mwezi ujao, mara nne zile zile, na safari hii mtoto ameshazoea. Irine alikuwa anaosha vyombo. Kabla sijafungua mdomo kujibu, akaliinamia beseni, akaitika taratibu:

"Abee, mama."

Sikuwa nimemwita. Allen alinitazama mdomo, akalitazama beseni. Nikamwambia hapana, haingii. Hakubisha.

Wazazi wenzangu, haya yaepukeni:

Kumwandikisha mtoto mbio ambazo mazoezini hajawahi kuzimaliza.

Kumtumia mtoto kujaza njia iliyobaki wazi.

Kukubali kwamba atajifunza kwa wakubwa, wakati hata kwa wadogo bado anahema.

Kunyamaza kwa sababu umechekwa.

Kumshangilia mtoto aliyesimama katikati ya maji. Mtazame uso kwanza. Anayezama hapigi kelele.

Kumwita jina akiwa majini.

Na beseni kuachwa limejaa maji ndani ya nyumba.