Mashine Isiyo na Mikono

Gérard alipokufa, ndugu zake walilia siku tatu. Siku ya nne wakaanza kuhesabu bisibisi.

Alikuwa fundi wa bunduki za kuwinda, hapo mtaa wa Bel-Air. Za kuwinda tu, zenye karatasi za serikali, usifikiri mengine. Watu walitoka hata Lukafu kumletea. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba, na chumba hicho ndicho André, mdogo wake, alikitaka. Aliahidiwa na nani? Na yeye mwenyewe.

— Shemeki, alimwambia mjane, Mama Claudine. Siku ya kutoa kilio, tukimaliza matanga, familia itanipatia karakana. Mwanamuke hapana kugusa bunduki. Mukono ya mwanamuke ikipita juu ya bunduki, nyama yote ya pori inasikia, inakimbia.

— Inasikia nini, shemeki? Harufu ya sabuni?

Lakini mwiko huo ulikuwapo kweli. Miaka yote mwindaji akifika, bunduki aliiweka juu ya meza, hata kama Mama Claudine amesimama mbele yake na mikono mitupu. Alisalimiwa vizuri, aliulizwa habari ya goti lake bovu, lakini bunduki ilipita pembeni yake kama vile yeye ni nguzo.

Papa Mukubwa Osée, mkubwa wa familia, ndiye wa kukata shauri. Akakohoa, akasema:

— Claudine, kama bawindaji banakubali kukuletea bunduki, baki na karakana. Lakini mwiko iko mwiko. Kuziosha ni kazi ya mukono, na mukono yako haiwezi kugusa.

Alidhani amefunga mlango. Mama Claudine akajibu, “Ndiyo, Papa Mukubwa,” kwa sauti ya mtoto wa katekisimu. Aliyemjua angeogopa hapo hapo.

Kesho yake akaenda kwa rafiki yake Ngalula, anayefanya usafi kwa munganga wa meno.

— Ile mashini ya kuosha byuma bya meno, inafanya namna gani?

— Inatetemesha maji, dada. Unaweka byuma mu kitunga, unaminya, inalia kama imbu. Uchafu inatoka peke yake, mpaka kwenye mswaki haifike. Hakuna muntu anagusa.

— Rudilia hapo mwisho.

— Hakuna muntu anagusa.

— Ah, akasema Mama Claudine, akacheka mpaka goti likamuuma.

Duka alilolipata lilikuwa mjini, la kijana mmoja aitwaye Israël, aliyevaa tai na kuuza vitu vya waganga na vya masonara. Akamtolea mashine ndogo nzuri, yenye taa ya bluu.

— Maman, hii ni ya miwani. Inapendeza, hapana?

— Macho yangu ingali mazima. Ni ya bunduki.

Israël akarudi nyuma hatua moja.

Mama Claudine akatoa mkobani kamba yenye fundo. Kamba ilikuwa na urefu wa chuma kirefu kuliko vyote vya ndani ya bunduki, vile vya upande wa kifyatulio. Mtutu hautaingia, huo utasuguliwa kwa fimbo na brosi, na kitako ni mti, mti hauogeshwi. Akalaza kamba ndani ya mashine ya bluu. Fundo likabaki nje.

— Hii ni kaburi ya muntu mufupi, akasema. Lete ingine.

Ya pili iliingiza fundo. Hapo akatoa kipande cha karatasi ya fedha, ile ya kufungia samaki wa kuchoma. Ngalula alikuwa amemfundisha. Akaomba maji, akaning'iniza karatasi ndani, akasema washa. Baada ya dakika moja ikatoka kama ilivyoingia.

— Hii inaimba tu, haiume.

Chini kabisa ya meza Israël alikuwa na ya tatu, mbaya ya sura, ya chuma kitupu, yenye kitunga chake, kipasha moto na robineti ya kumwagia maji. Karatasi ikatoka imetobokatoboka kila upande, kama kichungio.

— Hii iko na meno, akasema Mama Claudine. Funga.

Siku ya kutoa kilio, watu walipokwisha kula, akaiweka mashine juu ya meza ya uani, mbele ya familia nzima. Kasonde, mwindaji wa Lukafu, alikuwa amekuja na pole zake na bunduki yake. Kifyatulio kilikuwa kimekwama. Akaiweka juu ya meza, kama kawaida.

— Papa Kasonde, unapakaka mafuta gani?

— Mawese, Maman. Ya bibi yangu, mazuri kabisa.

— Nimesikia harufu toka kwenye lango. Mawese ikikauka ndani ya chuma inakuwa gundi. Fungua bunduki, angalia hakuna risasi, angalia tena. Ondoa kitako. Byuma bya ndani, tia mu kitunga. Bisilale chini ndani ya mashini, na bisigongane.

Kasonde akafanya yote mwenyewe. Mama Claudine alishika koleo la jikoni tu, lile la kugeuzia makaa. Aliyatia maji sabuni ya mashine, akayapasha moto mpaka yakawa kama ya kuogea mtoto, akaiacha ilie kidogo bila kitu ili mapovu yatoke. Hapo André akaja na chupa ya esansi, petroli ya gari, ameshaifungua.

— Gérard alikuwa anaosha na hii!

— Mu beseni, kule inje. Haiko mu mashini ya moto na umeme! Shemeki, leo tunatoa kilio moja. Unataka tuanze ingine?

Watu wakacheka. André akafunga chupa.

Kitunga kikaingia. Mashine ikalia kama mbu. Wingu la rangi ya chai likatoka kwenye vyuma, likajaa maji yote, na Kasonde akainama kutazama mpaka kofia yake karibu iogelee. Mama Claudine akainua kitunga kwa koleo, akakisuuza kwa maji safi ya moto, akamwaga vyuma juu ya kitambaa. Kasonde akavikausha. Viling'aa kama vipya.

— Haujagusa, akakubali Papa Mukubwa, polepole, kama mtu anayemeza mfupa.

— Lakini haijaisha! André akaruka. Mafuta inapakwa na mukono! Nani atapaka? Mwanaume!

— Paka, basi. Haraka. Chuma sasa iko uchi, itashika kutu.

André akaikamata springi kama anakamata panya. Akatazama huku na huku.

— Mafuta iko wapi?

Kasonde, kwa roho nzuri, akampa chupa yake ya mawese. André akaifungua.

Mama Claudine alitazama mawese mekundu yakiinama juu ya kazi yake yote. Akaweka koleo chini. Akamnyang'anya André springi, akachota mafuta ya bunduki kwenye kopo la Gérard lililokuwa mkobani mwake, akaanza kupaka kwa vidole vyake kumi, chuma kimoja kimoja, mbele ya watu wote. 

— Claudine! Papa Mukubwa akasimama.

— Ikaa, Papa Mukubwa. Gérard alikuwa na mutoto wa jicho. Miaka kenda hakuona hata kijiko mu sahani. Aliniapisha ninyamaze, jina lake isiharibike. Nilinyamaza, nimemuzika nayo vizuri. Lakini nyinyi muliwaza ni nani alikuwa anasafisha? Paka?

Kasonde akauliza:

— Ile mbawala yangu ya mwaka jana?

— Mukono hii.

— Na nguruwe ya pori? Ile nililetea Gérard muguu?

— Mukono hii. Na muguu ile nilikula miye, yeye meno ilikuwa inamuuma.

Hakuomba radhi, wala hakuinua macho. Alipaka chuma cha mwisho, akafuta kilichozidi, akamsukumia Kasonde. Kasonde akaunga bunduki yake, akaelekeza mtutu ukutani, akavuta kifyatulio. Ta! Sauti kavu, safi.

— Kama nyama inakimbia, shemeki, akasema Mama Claudine, basi ilikuwa inakimbilia kwa Papa Kasonde.

— Mwiko iko mwiko, akasema André, lakini kwa sauti ya chini.

Kasonde akamgeukia Papa Mukubwa.

— Papa, ulisema bawindaji bakikubali. Ndugu zangu babili kule Lukafu beko na bunduki zenye kulala na mawese. Zitakuja juma hii.

Papa Mukubwa akakaa. Alikuwa amesema mwenyewe, mbele ya watu.

Kasonde akachukua bunduki yake, akaikagua tena, tupu. Akaangalia meza, kwa mazoea. Kisha akampa Mama Claudine, mkono kwa mkono.

— Mtutu ungali muchafu, Maman. Umalizie.

Akaipokea.

— Na ile chupa ya mawese, akasema, urudishe kwa bibi yako. Apike nayo mboga ya sombe.