Siku Walipoifagia Barabara

Alhamisi ile Mikoroshoni ilipendeza mpaka ikatisha.

Barabara inayotoka Mlandizi kwenda Kisarawe ilikuwa imefagiliwa kando zote mbili, na michirizi ya mifagio ilionekana mchangani kama uwanja wa nyumba yenye harusi. Magenge ya mihogo yalikuwa yameondolewa. Magunia ya mkaa yalikuwa yamefichwa nyuma ya nyumba. Mbuzi walikuwa kambani, bodaboda wameambiwa wakashinde Mlandizi, na watoto waliovuka alfajiri kwenda shule, ng'ambo ya lami, walikuwa wamezuiwa hukohuko mpaka wageni waondoke. Yote hayo ni kazi ya Mfaume, mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa amevaa suti yake ya kuozeshea, anatembea mikono nyuma.

"Dada, umeiona barabara?" alimuuliza Bi Mwanamkuu, aliyekaa barazani anachambua mchicha.

"Nimeiona. Imekuwa kama kuna msiba wa mkubwa."

"Acha hayo. Leo wataalamu wa Kibaha wakiondoka hapa, wataondoka na sifa zetu."

Bi Mwanamkuu aliinua uso kutoka kwenye mchicha. Macho yake yalikuwa kwenye lile vumbi jeupe kileleni mwa mlima, malori yanapochomoza. Tangu bandari kavu ya Kwala ianze kazi, malori ya makontena yalikuwa yamegundua njia hii, na dereva akishaona mteremko huona kama kapewa zawadi. Mwaka jana lori moja lilimkuta Nuria, mjukuu wake, katikati ya lami, anarudi nyumbani kula. Mtoto alipona, mguu haukupona. Tangu hapo alikuwa anatembea kwa magongo, na kila siku ya shule bibi alikuwa anakaa barazani, moyo wake uko ng'ambo.

Ndiyo maana habari ya wataalamu aliipokea kwa dua. Ilisemekana kipande chote kile cha barabara kitapata kivuko kimoja, chenye matuta na taa za kuyasimamisha magari. Kimoja tu. Alichokuwa anakitaka duniani wakati ule ni kivuko hicho kikae pale, mbele ya shule.

Jua lilipopanda aliwapelekea wageni chai na mihogo ya kuchemsha. Walikuwa wawili chini ya mwavuli mkubwa: Leodegar, mkuu wa msafara, mtu wa maneno machache, na binti aitwaye Eugenia, mwenye kidude cha kubonyeza kiganjani.

"Shikamoo bibi. Umetusaidia, njaa ilikuwa inatuuma."

"Marahaba mwanangu. Hicho unachobonyeza ni nini?"

"Nahesabu."

"Malori? Mbona yamepita mengi na hukubonyeza?"

Eugenia alicheka. "Hayo yana mashine yake, ile kwenye nguzo. Zamani tulikuwa tunahesabu magari peke yake, barabara inapangwa kwa ajili ya wenye magari. Sasa utaratibu umebadilika. Tunaanza na watu: anayetembea, mwenye baiskeli, mama mwenye ndoo, mtoto wa shule. Penye wavukaji wengi ndipo pa kivuko. Jana tulikuwa kule kwenye geti la ghala la makontena, watu wamejaa hatari." Akaitazama barabara, akashusha sauti. "Hapa bibi, sijui. Tangu asubuhi sijabonyeza. Tuliambiwa pana watu, kumbe pametulia tu."

Bi Mwanamkuu aliliweka birika chini polepole, akaaga kwa adabu, akamfuata Mfaume.

"Wewe. Njoo huku nyuma."

Alimweleza. Mfaume alisikiliza, jasho likaanza kumtoka kwenye kola.

"Lakini mimi nilipigiwa simu nikaambiwa wanakuja kuangalia barabara! Nikawaonyesha barabara!"

"Umewaonyesha lami. Walikuja kutuangalia sisi. Nenda kawaambie uliwafungia watu."

"Niseme hivyo kwa mdomo wangu? Dada, wilaya nzima watanicheka. Watasema Mikoroshoni wana mwenyekiti kichwa maji."

"Wakucheke. Nuria atavuka wapi?"

"Ngoja." Uso ulimng'aa ghafla, na hapo ndipo Bi Mwanamkuu alipoogopa kweli. Mfaume alishatoa simu. "Nampigia mwalimu mkuu. Awaachie watoto wote sasa hivi, wavuke. Binti abonyeze mpaka kidole kimuume!"

"Mfaume, usifanye hivyo. Huwezi kumwaga watoto kwenye—"

"Haloo, mwalimu? Watoe! Wote! Wakimbie!"

Bi Mwanamkuu hakungoja. Alishika njia ya barabarani, akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuka na magoti yake mabovu. Nyuma yake alimsikia Eugenia akisema kwa furaha, "Huyo mmoja!"

Kengele ya shule ilikuwa inalia. Kijia cha kutoka shule kinashuka, na watoto waliozuiwa shuleni na kushikwa na njaa tangu saa ya uji walikuwa wanakuja kama maji ya mvua, mashati meupe na kelele. Kwa sababu ya magongo yake, mwalimu alikuwa amemtanguliza Nuria. Ndiye aliyekuwa mbele kabisa, karibu afike lami, na wenzake mia wanamsukuma mgongoni bila kujua.

Kileleni vumbi jeupe likafumuka. Lori likachomoza na kontena jekundu.

"Simameni!" Bi Mwanamkuu alipiga kelele. Nani amsikie? Walishaambiwa wakimbie.

Hajra, mpishi wa uji wa shule, alikuwa anawakimbilia watoto kwa pembeni, mwiko bado mkononi. Bi Mwanamkuu alivua kanga ya mabegani, akamrushia ncha moja. Hajra hakuuliza. Alidaka, wakaivuta ile kanga mbele ya watoto, usawa wa vifua, wao wawili visigino ukingoni mwa lami. Watoto wa mbele wakagota. Wa nyuma wakaendelea kusukuma. Bi Mwanamkuu aliona gongo moja la Nuria limeteleza, limelala juu ya lami, na mkono wa mtoto unalifuata.

"Liache! Nuria, liache!"

Honi ilimziba masikio. Upepo wa lori ukamvuta baibui, mchanga ukamjaa mdomoni. Lilipopita, gongo lilikuwa vipande viwili, na Nuria alikuwa chini ya kwapa la bibi yake, anatetemeka, mzima.

Kisha watoto wadogo wakaanza kulia, mmoja akiwaambukiza wenzake.

Leodegar na Eugenia walivuka mbio. Mfaume aliwafuata mbali nyuma.

"Mmewaona?" Bi Mwanamkuu aliuliza, anahema. "Hao ndio watu wa Mikoroshoni."

"Tumewaona, mama," Leodegar alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini alikuwa mtu wa kanuni. "Ila hawakuvuka. Na hata wangevuka, hawa wametolewa makusudi. Siwezi kuwaandika."

"Mwaka jana huyu alivuka, baba. Alifika katikati. Huyo unamwandika wapi?"

Leodegar alimtazama Nuria mguuni, akainamisha macho.

Bi Mwanamkuu alimgeukia mdogo wake. Hakumkaripia. Alimtazama tu, akangoja, kama alivyokuwa akimngoja utotoni amalize kulia ndipo amnawishe uso. Mfaume alivua kofia.

"Kosa ni langu, mheshimiwa. Watu wapo. Nimewafungia ndani. Mgeni akija kwangu nafagia, nafunga mbuzi, nawanyamazisha watoto, ndivyo tulivyolelewa. Sikujua kwamba safari hii mgeni kaja kuutazama uchafu wenyewe."

"Basi hesabu ya leo haifai," Leodegar alisema. "Ni ya kutupa."

Bi Mwanamkuu alimsogelea. "Ukishaitupa, sisi tunakuwa hatupo?"

"Hapana bibi," Eugenia alidakia, "inatakiwa irudiwe. Ila kesho tunangojwa Kisarawe, na keshokutwa shule zinafungwa." Akamgeukia mkubwa wake. "Kisarawe watatungoja siku moja, mkuu. Hawa wamengoja mwaka."

Leodegar alijitenga na simu yake. Alitembea mpaka kwenye mikorosho, akarudi, akaenda tena. Watoto walivushwa kwa vikundi, kwa mkono, na Bi Mwanamkuu alimbeba Nuria mgongoni ingawa mtoto alishakuwa mzito. Alipomteremsha barazani, Leodegar alikuwa anakuja.

"Tumeruhusiwa. Tutalala hapa, kesho tunahesabu kuanzia alfajiri. Sharti langu ni moja: mwenyekiti asipange chochote. Watu waishi kama wanavyoishi."

"Asipange? Huyo?" Hajra alisema. "Mtieni gundi miguuni."

"Hata chakula chenu nisipange?" Mfaume aliuliza kwa unyonge.

"Chakula panga. Barabara iache."

Ijumaa ile Mfaume aliteseka. Magenge yalirudi na maganda yake, bodaboda wakarudi na matusi yao, mbuzi wa jirani yao Mwishehe akalala katikati ya njia, na Mfaume, mzee mzima, alikaa kwenye kiti anauma kucha. Mara mbili alinyanyuka kushika ufagio, mara mbili dada yake akamwambia, "Kaa." Chini ya mwavuli Eugenia alikuwa anabonyeza: wenye majembe, wenye ndoo, waliokuwa wanakwenda msikitini, watoto. Nuria alivuka kwa gongo moja na bega la bibi yake. Binti alibonyeza huku ameuma mdomo.

Majibu yalichelewa. Zilipita wiki ambazo Bi Mwanamkuu alikuwa anaswali huku sikio liko barabarani. Halafu wakaja mafundi na greda, wakajenga matuta, wakapaka lami mistari mipana myeupe, wakasimamisha nguzo ya taa mbele ya shule. Geti la ghala nalo, ilisemekana, limewekwa kwenye mpango wa mwaka unaofuata.

Siku ya kwanza taa zilipowaka, bibi na mjukuu walisimama ukingoni. Lori lilichomoza kileleni, likashuka, likapunguza mwendo, likasimama. Injini ilikuwa inanguruma. Bi Mwanamkuu hakunyanyua mguu. Alikuwa amemshika Nuria mkono mpaka vidole vya mtoto vikawa vyeupe.

"Bibi, pita basi!" dereva alisema, kichwa nje ya dirisha. "Nimekusimamia wewe."

"Zima kwanza hilo dude lako."

"Nikizima halitawaka tena, bibi yangu. Wewe vuka tu."

"Bibi, unaniumiza," Nuria alisema.

Bi Mwanamkuu alilegeza vidole, kimoja kimoja. Nuria aliweka gongo kwenye mstari mweupe, akaweka la pili, jipya alilonunuliwa, akaanza kwenda. Bibi alibaki ukingoni, hamtazami mtoto. Alikuwa amemkazia macho dereva, macho kwa macho, na hakupepesa mpaka aliposikia magongo yamegusa mchanga wa ng'ambo.