Zamu ya Kupumzisha Mashine

Mama mkwe wangu alikuwa na kifua kilicholiwa na moshi wa jikoni miaka mingi, na daktari alikuwa amekataza moto wa mkaa ndani ya nyumba. Kwa hiyo mtaa wetu wenye baridi ulipoletewa mashine za joto, nilimshukuru Mungu kwa magoti yote mawili.

Mashine yenyewe ni kama friji iliyogeuzwa. Inakaa nje ukutani na feni yake, inanyonya joto dogo lililomo hewani hata siku ya baridi, inalisukuma ndani. Fundi wa umeme, tuliyemwita Koleo, alitueleza mapema: nyumba ni kumi na nne, transfoma ni moja, na asubuhi ya baridi kali haiwezi kubeba mashine zote pamoja. Ndiyo maana kila mashine ilifungiwa kisanduku cha kuizima kwa zamu. Nyumba saba zikipumzika nusu saa, saba zinawaka.

Mtaa ukanichagua kuwa mwangalizi wa zamu. "Huyu mjane hasemi uongo," walisema, nami nikavimba kichwa kidogo, Mungu anisamehe.

Nusu saa si kitu kwa mtu mzima wa afya. Lakini nyumba yetu ni ya mbao, haishiki joto. Dakika ya kumi mama mkwe alianza kukohoa, ya ishirini midomo ikaiva zambarau. Hata hivyo mdomo haukulala. Siku Koleo alipokuja kukagua, alimpokea hivi:

"Mume wangu, mikono mitupu tena?"

"Bibi, nimekuletea mapenzi."

"Mapenzi hayapashi nyayo. Washa mashine, au nitakupa talaka."

Nilimfuata Koleo nje. "Mwanangu, hicho kisanduku kiruke. Unganisha waya moja kwa moja."

"Mama! Si wewe ndiye mwangalizi?"

"Najua mimi ni nani. Bibi yako unamsikia anavyokohoa? Nyumba moja haitaangusha mtaa."

Alinitazama muda mrefu, kama anayetaka kusema neno akalimeza. Kisha akatoa bisibisi. Kazi haikufika dakika tano.

Wiki tatu mama mkwe alilala vizuri, akaanza hata kulalamika kuhusu mchuzi wangu, nikajua amepona.

Asubuhi moja nikienda ibadani, ilikuwa zamu ya upande wetu kupumzika. Nilipita kwa mshonaji nguo, feni inazunguka. Kwa mwalimu mstaafu, inazunguka. Nikasimama katikati ya barabara nikasikiliza huku na huku. Mtaa mzima ulikuwa unavuma kama mzinga wa nyuki.

Nilielewa. Nilielewa pia kwamba nikisema, nyaya zote zitarudishwa kwenye visanduku, na wangu umo. Ningepaswa kubisha hodi nyumba kwa nyumba siku ile ile. Badala yake nilikwenda nikapiga magoti, nikamwomba Mungu ailinde transfoma.

Ilipasuka Alhamisi, asubuhi ya barafu majanini. Kishindo kimoja, na feni zote zikanyamaza. Kampuni ya umeme ikasema transfoma nyingine itachukua siku nne.

Nilimfunika mama mkwe kwa kila kitambaa kilichokuwamo ndani, hata mapazia. Jirani mwenye jiko la gesi alinichemshia maji, nikayatia kwenye chupa, nikaweka nyayo zake mapajani mwangu. Tulitafuta gari la kumpeleka hospitali. Lilipopatikana, siku ya pili kabla ya adhuhuri, alikuwa ameshanishika mkono kuniaga.

"Mwanangu hakujua kuvaa wala kuimba," aliniambia, "lakini kuoa alijua."

Hakusema tena.

Msibani walikuja wote, wamejikunyata kwa makoti. Nikasimama.

"Majirani, mlinichagua niangalie zamu. Mimi ndiye niliyeanza kukiruka kisanduku. Mama huyu amekufa kwa mkono wangu."

Koleo alisema kutoka mlangoni:

"Hapana, mama. Wewe ulikuwa wa kumi na moja."

"Wa kumi na moja?"

"Na kila mmoja aliniambia nyumba moja haitaangusha mtaa. Sikuweza kumkatalia huyu nikiwa nimemkubalia yule."

Mwalimu mstaafu akakohoa kidogo. "Shemeji, sisi tulidhani umeona. Unapita hapa kila asubuhi. Tulidhani umenyamaza kwa huruma."

Nilikaa. Kumi walikwishanitangulia, na masikio yangu mazima, na nilikuwa napita kila siku nikijisomea sala zangu.

Walipoanza kutoka nikamwita Koleo. "Rudisha waya wangu kwenye kisanduku."

"Mama, umeme wenyewe haupo."

"Rudisha hivyo hivyo. Kisha tubishe hodi kwa mshonaji."